MREJESHO: Ile Winchester iliyokuwa inatawanya risasi

Wakuu, salaam. Mwezi uliopita niliuliza kuhusu bunduki yangu ya Winchester, modeli ya 1885 High Wall, ya risasi moja moja, kaliba (ukubwa wa risasi) .32-40, niliyonunua huku Marekani kwa mzee anayepunguza mkusanyiko wake. Yadi 100 tu risasi zilikuwa zinatua popote, nyingine zinatoboa karatasi kiubavu. Wengi mlisema mtutu umekwisha.

Haujaisha! Aliyesema "pima kwanza" nina deni lake. Nilipaka mafuta ndani ya mtutu, nikasukuma kipande laini cha madini ya risasi taratibu kwa kijiti cha shaba. Kikatoka na alama za mifereji (ile ya ndani ya mtutu inayoizungusha risasi), safi kama mhuri. Kipimo: inchi 0.323. Na mimi siku zote nailisha za 0.319! Zilikuwa zinapwaya humo ndani, gesi inapita pembeni, mifereji haizishiki.

Nikasubu mpya za 0.324, sehemu 30 za madini ya risasi kwa moja ya bati, na baruti nyeusi peke yake. Jumamosi zile tano za mwisho zingefunikwa na kikombe cha chai.

Kung'arisha chuma, hapana, mnisamehe mliosisitiza. Ile rangi ya kahawia ndiyo umri wake, nimepaka mafuta basi. Namba yake ni ya kabla ya 1899, kwa hiyo kwa sheria ya shirikisho ni antika (silaha ya kale). Barua ya kumbukumbu nimeiomba makumbusho ya Cody, Wyoming, yanayotunza rekodi za kiwanda cha Winchester. Nataka kujua kama huu mtutu ndio iliotoka nao kiwandani.