"Until" na "by" zimeniponza ofisini, naombeni msaada

kontena_futi40:
Wakuu habari za jioni. Leo nimesemwa ofisini mpaka basi, na yote ni kwa sababu ya kaneno kamoja ka Kiingereza. Niko upande wa kutoa mizigo bandarini, wiki iliyopita nikamwandikia mteja wa nje imeili "Please pay the storage charges until Friday", kichwani kwangu namwambia alipe mpaka Ijumaa, yaani Ijumaa isipite hela iwe imeingia. Jamaa katulia zake, Jumatatu ndo anatuma hela, tena kapiga hesabu ya siku zinazoishia Ijumaa! Kumuuliza ananijibu kwa upole kabisa kwamba kafanya kama nilivyomwandikia. Huku kontena limelala Jumamosi, Jumapili na hiyo Jumatatu yenyewe, storeji, yaani hela ya kulaza mzigo bandarini, inatembea tu. Bosi anasema ningeandika "by Friday". Sasa jamani si tangu shule ya msingi tunajua mpaka ni "until"? Nitazitofautishaje bila kukariri?

mwalimu_wa_zamu:
Pole mkuu. Hilo neno letu "mpaka" ndo limekuuza, linafanya kazi mbili kwa mshahara mmoja. "Nisubiri mpaka saa kumi", "niletee mpaka saa kumi", kwetu zote sawa. Ila angalia kitendo chenyewe, kusubiri unaanza saa nane unaendelea nako tu halafu saa kumi unakoma, hiyo ni "until". Kuleta ni mara moja, leta saa nane leta saa tisa shauri yako ila saa kumi isikupite, hiyo ni "by".

Wanafunzi wangu nawapa mtego huu: toa "mpaka" weka "awe ameshafanya". "Ijumaa awe ameshalipa", imekubali, basi andika "by". Sasa chukua "duka liko wazi mpaka saa mbili usiku", ukisema saa mbili liwe limeshafunguliwa umeua maana yote, kwa hiyo hapo ni "until".

Na huyo mteja wako mimi simlaumu. Kulipa hakuendelei siku nzima, storeji ndo inaendelea, kwa hiyo hiyo "until Friday" akaibandika kwenye storeji: lipa storeji ya siku zote hadi Ijumaa. Lini alipe, imeili yako haikumwambia.

kontena_futi40:
Duh, kumbe sentensi ilikuwa sahihi ila imesema kitu kingine kabisa. Hapo ndo panauma zaidi.

dada_wa_kaunta:
Mwalimu kaeleza vizuri ila kuna sehemu huo mtego unawateleza watu, kwenye kukanusha. Kutoa kontena si ni mara moja? Lakini KUTOLITOA kunaendelea. Kwa hiyo "They won't release it until Friday" ni sawa kabisa, maana yake watalishikilia, Ijumaa ndo unalipata. Ukiandika "They won't release it by Friday" unamwambia Ijumaa itafika na kupita hawajalitoa. Wa kwanza atakuja Ijumaa na lori, wa pili anabaki nyumbani. Mimi nilishamchanganyia mteja hapohapo, akaja na lori lake na turnboi wawili wakashinda getini wanakula mihogo.

kontena_futi40:
Dada umeniua na mihogo 😂 Swali la mwisho, nikisema "by Friday", Ijumaa yenyewe imo au mwisho Alhamisi?

mwalimu_wa_zamu:
Imo. Ukitaka isiwemo sema "before Friday". Shida inabaki kwenye saa, maana wewe Ijumaa yako inaisha ofisi ikifungwa, yeye yake inaisha saa sita usiku, tena usiku wa kwao. Weka saa kabisa, "by 4 p.m. on Friday, Dar es Salaam time". Na tafadhali saa kumi yetu usiiandike 10, nimeshaona mtu mzima na digrii yake akifanya hivyo. Kwenye mikataba utakuta "on or before" na tarehe, wanakwepa haya mabishano.

abiria_wa_mwisho:
Nami nichomekee langu. Tunasema "mpaka tunafika stendi basi limeshaondoka", nikaandika "Until we arrived the bus had left", msahihishaji akachora duara jekundu kubwa kama sufuria. Ni ugonjwa huohuo?

mwalimu_wa_zamu:
Huohuo. Si unaiona hiyo "limeshaondoka" imekaa hapo yenyewe? "By the time we arrived, the bus had already left." Ungetaka kubaki na "until" basi liwe linafanya kitu cha kuendelea, mfano "The bus waited until we arrived", japo kwa mabasi ya siku hizi sijui kama hiyo sentensi utaitumia.

kontena_futi40:
Haya nimeandika upya, nirekebisheni: "Please pay the storage charges by 4 p.m. on Friday, Dar es Salaam time. The amount covers storage until Friday." Zote mbili zimo humo.

dada_wa_kaunta:
Hiyo tuma hata usiku huu. Ila hujatuambia, zile siku tatu kalipa nani?

kontena_futi40:
Dada tuongee mengine.