Naomba ushauri: shimo jeusi lililozibwa na gesi nalipimaje?

Wakuu, habari zenu. Nachambua data za wazi za NuSTAR, darubini ya eksirei ya NASA iliyorushwa mwaka 2012, kuhusu galaksi NGC 1068. Shimo jeusi lake limezibwa na gesi nzito mno. Eksirei tunazopata karibu zote zimedunda pembeni, na mstari wa chuma (alama ya atomi za chuma kwenye wigo wa eksirei) wa keV 6.4, yaani kipimo cha nishati, umesimama kama mlingoti. Nimejaribu modeli ya pazia moja tu la gesi. Inaniambia shimo ni hafifu, nami siamini hata kidogo, maana kwenye infraredi (mwanga wa joto usioonekana kwa macho) vumbi lake linawaka vibaya sana.

Je, mwanga uliodunda niupe modeli yake peke yake? Na infraredi inatosha kukadiria nguvu halisi ya shimo?