MREJESHO: Picha ya uthibitisho iliyokubali Firefox, ikagoma Chrome na Safari

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini picha ya herufi (CAPTCHA, ambayo mtu huandika herufi anazoziona kuthibitisha si roboti) kwenye fomu yangu ya PHP, lugha ya programu za tovuti, inaonekana vizuri, lakini Chrome na Safari zinakataa hata herufi sahihi.

Aliyesema tatizo ni kuki (data ndogo ambayo kivinjari huitunza na kuirudisha kwa seva) ndiye aliyepatia. Fomu ilikuwa ndani ya fremu (iframe) kwenye tovuti yenye kikoa (domain) kingine, kwa hiyo kwenye Chrome na Safari kuki ya seshoni, yaani kumbukumbu ya seva kwa kila mgeni, haikurudi, na seva ikawa inalinganisha herufi na seshoni tupu.

Nilianza na mipangilio ya PHP ya kuruhusu kuki itumwe hata ndani ya tovuti nyingine: session.cookie_samesite = "None" na session.cookie_secure = 1 (lazima HTTPS). Chrome ikapona, isipokuwa dirisha la faragha. Safari ikagoma vilevile, maana huzuia kuki za kikoa cha nje. Kilichomaliza kazi ni kuhamishia fomu kwenye kijikoa (subdomain) cha tovuti hiyohiyo yenye fremu.

Ushauri wa kufuta BOM (alama isiyoonekana mwanzoni mwa faili) haukuhusika hapa. Ule huponya picha iliyoharibika.

Bado moja: ukifungua fomu kwenye vichupo viwili, picha ya pili inafuta herufi za ya kwanza. Nitahifadhi kila picha kwa namba yake ndani ya seshoni, kama mlivyoelekeza.