Mjadala: Imani ilimfunga mke katika hadithi za Marekani za karne ya 19, au ndiyo iliyompa ulimi wa kukataa?

Mleta mada

Kila tunapozungumzia wanawake katika hadithi za uhalisia za Marekani za karne ya 19, jibu huwa limeshatolewa kabla ya swali: dini ilikuwa kamba, ndoa ilikuwa zizi, na aliyetaka uhuru ilimbidi avikimbie vyote viwili. Nimelisikia tena jibu hilo wiki iliyopita kwa mtu ninayemheshimu, na sikubaliani nalo. Naomba tulijadili kwa kuzitazama hadithi zenyewe.

Naanza na Sarah Penn, katika hadithi fupi ya Mary Wilkins Freeman iliyotoka mwaka 1890, "The Revolt of 'Mother'". Mumewe, Adoniram, alimwahidi nyumba mpya walipooana. Miaka 40 imepita, bado wanabanana kwenye kijumba kile kile, na binti yao anakaribia kuolewa humo humo. Halafu mume anaanza kujenga banda jingine la ng'ombe, pale pale palipoahidiwa nyumba. Sarah anamsihi, anamweleza yote, mume anajibu tu kwamba hana la kusema. Siku mume anaposafiri kwenda Vermont kutazama farasi, Sarah anafunga vyombo na kuihamishia familia nzima kwenye banda jipya.

Kijiji kinashtuka, na mchungaji anakuja kumwonya. Hapa ndipo penye hoja yangu. Sarah hamwambii kwamba dini haimhusu. Anamwambia ameliombea jambo hili, na kwamba liko kati yake, Bwana, na Adoniram. Anaongeza kuwa ana haki sawasawa na ile ya mababu zao waliovuka bahari kutoka nchi ya zamani kwa kukosa kilicho chao. Mchungaji, ambaye kazi yake ni kusema, anakosa la kusema.

Kumbukeni sheria ilivyokuwa. Marekani ilirithi kwa Waingereza kanuni kwamba mke na mume ni mtu mmoja mbele ya sheria, na mtu huyo ni mume. New York ilianza kuilegeza mwaka 1848 kwa sheria ya mali ya wanawake walioolewa, Massachusetts ikafuata mwaka 1855, lakini mazoea ya nyumbani hayabadiliki kwa saini ya bunge. Sarah angemshtaki nani, na kwa kosa gani? Juu ya mume aliona mahakama moja tu, na akaikatia rufaa huko kwa magoti.

Wa pili ni Nan Prince, wa riwaya ya Sarah Orne Jewett ya mwaka 1884, "A Country Doctor". Ni yatima aliyelelewa na daktari wa kijijini huko Maine, naye anataka udaktari. Anaposwa na kijana mzuri asiye na kasoro, na anampenda kiasi cha kuumia. Anamkataa. Hoja yake ni kwamba Mungu asingewapa wanawake vipaji vile vile vya wanaume kama lililo halali kwa hawa lingekuwa haramu kwa wale. Riwaya inafungwa na Nan akimshukuru Mungu kwa maisha yaliyo mbele yake. Ni binti asiyeolewa, na kauli yake ya mwisho ni shukrani!

Swali langu basi: ni wapi pengine mwanamke wa hadithi hizi angeweza kusimama, aseme hapana, na asikilizwe?

Msomaji, Tanga

Ndugu mleta mada, umechagua mifano inayokufaa. Mimi nami nichague yangu.

Harold Frederic, "The Damnation of Theron Ware", mwaka 1896. Mchungaji kijana wa Kimethodisti anahamishiwa mji mdogo katika jimbo la New York. Wazee wa kanisa wanakutana naye, na mmoja wao anamwambia amwagize mkewe aondoe maua kwenye kofia kabla ya Jumapili ijayo. Maua, jamani! Alice Ware hakuiba wala hakumsengenya mtu. Na neno lenyewe haambiwi yeye, anaambiwa mumewe, kama vile mtu anavyomwambia jirani kwamba mbuzi wake ameingia shambani.

Edna Pontellier wa Kate Chopin, "The Awakening", mwaka 1899. Anakumbuka alipokuwa mtoto Kentucky, akipita kondeni katika majani marefu kama mtu anayeogelea, na anapoulizwa alikuwa anakwenda wapi anajibu kwamba huenda ilikuwa Jumapili na alikuwa anakimbia sala za Kipresbiteri, zilizosomwa na baba yake kwa kiza kinachomtia baridi hata ukubwani. Baba huyo huyo anamshauri mkwewe kwamba mke huongozwa kwa mamlaka na mabavu. Baadaye, kanisani kisiwani, kichwa kinamuuma, anakosa pumzi, anatoka nje kabla misa haijaisha. Nje anapata hewa, kisha analala mchana kutwa kwenye kitanda safi cha mwanamke mwema wa pale, anaamka ana njaa kama mtu aliyepona.

Umeuliza Sarah angesimama wapi. Nami nauliza: Edna angesali nini? Sarah aliomba nyumba kwa ajili ya binti yake. Nan aliomba kazi ya kutibu watu. Maombi ya kuhudumia wengine yanakubaliwa na kijiji, tena yanasifiwa. Edna alitaka nafsi yake tu. Kwa ombi hilo hakuna zaburi aliyofundishwa. Imani yako ilimpa mwanamke ulimi, sawa, lakini ulimi wa kusema maneno ya aina moja.

Msomaji, Nairobi

Mimi ni wakili, kwa hiyo nitakwenda kwenye talaka, maana ndiko ndoa inakopimwa. Someni "A Modern Instance" ya William Dean Howells, mwaka 1882. Marcia Gaylord, binti wa kijiji cha Maine, anaolewa kwa pupa na mwandishi wa magazeti, Bartley Hubbard. Wanahamia Boston, wanagombana, wanapatana, wanagombana tena, hadi usiku mmoja mume anaondoka asirudi. Baadaye inafika nakala ya gazeti kutoka Indiana yenye tangazo la mahakama: Bartley anaomba talaka, na anadai kwamba ni Marcia aliyemtoroka yeye! Howells hakuichagua Indiana kwa kubahatisha. Sheria zake za talaka zilikuwa zimeshavuma kwa ulegevu, kiasi kwamba mwaka 1860 Horace Greeley, mhariri wa gazeti la New York Tribune, alibishana juu ya sheria hizo na Robert Dale Owen, mwanasiasa wa Indiana, humo gazetini. Mtu alikwenda huko, anakaa muda kidogo, anatangaza gazetini ambalo mkewe halisomi, basi.

Sasa mtazame dini inafanya nini. Ben Halleck, kijana mcha Mungu wa Boston, anampenda Marcia kimya kimya akiwa bado mke wa mtu. Bartley anauawa kwa risasi huko Arizona. Marcia ni mjane, ana mtoto, yuko huru. Halleck, ambaye sasa ni mchungaji, anamwandikia rafiki yake wakili, Atherton: je, ni halali kumwoa, ikiwa mapenzi yalianza wakati hayakuwa halali? Atherton anaona ni jambo la kutisha, kisha mwishoni anakiri kwamba hajui. Riwaya inaishia hapo.

Nimeisoma mara tatu, na kila mara naghadhibika mahali pale pale. Wanaume wawili wenye dhamiri safi wanaipima ndoa ya mwanamke kwa barua, wanamhusisha Mungu, wanahusisha jamii nzima, na Marcia mwenyewe haulizwi. Mleta mada anasema imani ilimpa mwanamke mahakama ya rufaa. Humu naiona mahakama hiyo imekaa, na mlalamikaji hakuitwa.

Mleta mada

Wakili, hapo umenigusa, na sitajifanya sijaguswa. Lakini ongeza jambo moja: Marcia alilelewa bila dini. Baba yake, yule mzee mwanasheria, ni mpinga dini mashuhuri kijijini, na mama aliacha kanisa ili amfuate mume. Ndiyo maana Marcia anapofika Boston analitamani kanisa kwa ajili ya mtoto wake, bila kujua hasa anatamani nini. Dhoruba ilipomkuta hakuwa na kitu isipokuwa mapenzi yake kwa Bartley. Sarah Penn alikuwa na kitu. Mimi naona Howells aliiandika tofauti hiyo kwa makusudi, ingawa sikubaliani naye kwa yote.

Dada wa Tanga, nitarudi kwako. Swali la sala ya Edna limeninyima usingizi.

Msomaji, Lamu

Kwa ufupi tu. Yale maneno ya Sarah, "kati yangu, Bwana na Adoniram", yamenikumbusha Mwana Kupona, aliyemuusia binti yake mwaka 1858 huku kwetu. Yeye anasema siku ya kufufuliwa nadhari ni ya mume: atakaloulizwa akalitaka, ndilo atakalotendewa mke. Pale mume amekaa kati ya mke na pepo. Kwa Sarah, mume ametajwa wa mwisho. Wote wawili ni wacha Mungu, tena wa zama zinazokaribiana. Kwa hiyo tusiseme "imani" kana kwamba ni kitu kimoja. Tuulize kila mara nani amewekwa kati ya mja na Mola wake.

Msomaji, Tanga

Shukrani, Lamu, swali hilo ni zuri kuliko la kwetu sote.

Ila kuhusu Sarah Penn kuna jambo mleta mada hakulitaja. Mwaka 1917 Freeman mwenyewe aliikana hadithi yake hadharani. Alisema haikuwa kweli, kwamba wanawake wa New England (kaskazini-mashariki mwa Marekani) wa namna ile hawakuwapo, na kwamba mke wa kweli asingethubutu kuhamia bandani. Mwandishi anatuambia mtetezi wako mkuu ni wa kubuniwa mara mbili.

Msomaji, Minneapolis

Nimesoma yote na naona sote tumezungumza kana kwamba ndoa ilikuwa mlango ambao kila mwanamke wa Marekani alisukumwa kupita. Wapo waliofungiwa mlango huo. Mtu mtumwa hakuwa na ndoa mbele ya sheria. Waliweza kufunga mbele ya mhubiri, wakazaa, wakazeeka pamoja, na bwana akauza mmoja wao siku aliyotaka.

Charles Chesnutt, mwaka 1898, aliandika "The Wife of His Youth". Bwana Ryder, mtu wa heshima katika chama cha watu weusi wenye ngozi nyeupe-nyeupe, anaandaa karamu ili ampose mjane kijana. Mchana wa siku hiyo anagonga bibi mzee, mweusi, ufizi hauna meno. Anaitwa 'Liza Jane. Anamtafuta mumewe, Sam, kwa miaka 25, mji hadi mji, akipika kwa watu ili apate nauli. Ryder anamjaribu: huenda amekufa, huenda ameoa mwingine, na ndoa ya utumwani haikufungi tena baada ya vita. Bibi hatikisiki. Ana hakika Sam anamtafuta pia, na ana hakika Mungu atamwonyesha. Kumbe Sam yuko mbele yake, ndiye Ryder mwenyewe, naye hamtambui.

Jioni ile Ryder anawasimulia wageni kisa hicho, anawauliza mume afanye nini, wanajibu amkiri. Ndipo anamleta na kusema huyu ndiye mke wa ujana wangu.

Bibi yangu mzaa mama alimngoja babu aliyekwenda kazini mbali akakawia miaka mingi, kwa hiyo siwezi kuisoma hadithi hii kwa macho makavu. Hata hivyo nawauliza kwa dhati: 'Liza Jane ni mwanamke aliyefungwa? Hakuna sheria iliyomshika. Hakuna mchungaji aliyemlazimisha. Aliishika ndoa ambayo taifa zima lilisema si ndoa. Kwa wengine uhuru ulikuwa kukataa posa. Kwake ulikuwa kusema "huyu ni mume wangu" na neno lake lisimame.

Msomaji, Nairobi

Hili sikuwa nimelifikiria, na nalipokea. Lakini angalieni tena nani anaamua. 'Liza Jane ametembea miaka 25, na mwishoni hatima yake iko mdomoni mwa Ryder na wageni wake waliovaa vizuri. Angenyamaza tu, bibi angeendelea na safari yake.

Na kwa mleta mada, ukumbuke wanawake wenyewe walilumbana juu ya hili nje ya vitabu. Elizabeth Cady Stanton, mtetezi wa haki za wanawake, alitoa sehemu ya kwanza ya "The Woman's Bible" mwaka 1895, akipinga Maandiko yanavyotumiwa kumdunisha mwanamke. Mwaka 1896 chama cha kitaifa cha kutetea kura ya wanawake kilijitenga na kitabu hicho, kura 53 kwa 41. Tazama hizo 41. Hata miongoni mwao jambo hili halikuwa na jibu moja.

Mleta mada

Nimezitazama, na nazichukua zote mbili. Wale 53 hawakuwa wajinga. Walijua mamilioni ya wanawake wanaokwenda kanisani wasingewafuata bila Biblia mkononi.

Dada wa Tanga, kuhusu Freeman kuikana hadithi: mwandishi akisema mwaka 1917 kwamba mke wa aina hiyo hakuwapo, bado ilimbidi mwaka 1890 amtafutie maneno yatakayomfanya msomaji amwamini. Akachagua sala. Hilo ndilo ninalolishikilia.

Kuhusu Edna, nimetafuta mwanamke aliyetaka nafsi yake tu na mwandishi akambariki. Nimempata kwa Freeman huyo huyo, Louisa Ellis wa "A New England Nun". Mchumba wake alikwenda Australia kutafuta mali, miaka 14. Amerudi, harusi imekaribia, na Louisa anagundua kwamba anachokipenda ni chumba chake kisafi, sindano yake, na ukimya. Usiku mmoja anasikia kwa bahati kwamba mchumba anampenda binti mwingine. Anamwachilia kwa upole, bila kumwambia alichosikia. Kesho yake anakaa dirishani akishona, na mwandishi anamfananisha na mtawa asiye na nyumba ya watawa, akizihesabu siku zake kama anayesali. Hakumhudumia mtu. Alijitaka yeye, na neno alilopewa ni la sala.

Msomaji, Tanga

Huyo nampokea, na nimefurahi umemleta. Lakini soma tena uani kwake. Kuna mbwa, Caesar, aliyemng'ata jirani mara moja tu alipokuwa mdogo. Amefungwa mnyororo miaka 14, analishwa vyakula visivyo na nyama. Mchumba alikuwa ameahidi kumfungua baada ya harusi. Louisa alipokataa kuolewa, mnyororo ulibaki. Sijui kama Freeman alimwona huyo mbwa kuwa ni sehemu ya bei, ila mimi kila ninapofika kwenye ile sala ya dirishani namsikia.