Seli za binadamu zinabanduka kwenye chembe ndani ya chupa ya spina: kasi ya pangaboi au kitu kingine?

Maabara_Shangani (Mtwara)

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa kukuza seli kwenye bayoriakta (chombo cha kukuzia seli).

Chupa ni spina (chupa yenye pangaboi la kukoroga ndani) ya mililita 125, ndani mna midia (kimiminika cha kulishia seli) mililita 100 yenye seramu asilimia 10. Seli ni seli shina za mesenkaima za binadamu, zimepandwa juu ya chembe za Cytodex 1 (vitufe vidogo sana ambavyo seli hushika juu yake), gramu 3 kwa lita. Pangaboi lina upana wa sentimita 5. Saa 24 za mwanzo kasi ilikuwa mizunguko 40 kwa dakika, na seli zilishika vizuri, tano hadi nane kwa kila chembe. Kisha chembe zikaanza kurundikana pembeni mwa sakafu ya chupa, tukapandisha hadi 90. Siku ya tatu, chini ya hadubini, karibu nusu ya chembe ziko tupu na midia imejaa seli za duara zinazoelea. Nimepima kwa tripani bluu (rangi inayoingia kwenye seli zilizokufa): nyingi ya hizo zinazoelea hazichukui rangi, yaani bado ziko hai.

Tunataka kuhamia chombo cha lita 2 kinachopulizwa hewa kutoka chini. Je, 90 ni nyingi kiasi gani? Kuna hesabu, au ni kubahatisha?

Mto_Lukuledi (Lindi)

Hesabu ipo mkuu, na inafaa ifanywe kabla ya kugusa kitufe cha kasi.

Namba ya mizunguko peke yake haikwambii kitu. Cha kutazama ni ukubwa wa vizingia, yaani mikondo inayojizungusha ndani ya midia. Pangaboi linaingiza nguvu kwenye midia kama mikondo mikubwa, mikubwa inavunjika kuwa midogo, mpaka inafika udogo ambao mnato unaimaliza na kuigeuza joto. Udogo huo wa mwisho ndio kipimo cha Kolmogorov. Kizingia kikubwa kuliko chembe huibeba chembe nzima, kama wimbi refu linavyobeba mtumbwi. Kikiwa kidogo kuliko chembe hakiibebi, kinaisugua upande mmoja, na seli ndiko zilikokaa. Croughan, Hamel na Wang wa MIT walilionyesha hili mwaka 1987: madhara huanza vizingia vikishuka chini ya takriban theluthi mbili ya kipenyo cha chembe.

Kwanza tafuta nguvu kwa kila kilo ya midia: namba ya nguvu ya pangaboi (chukua 1 kama kadirio) × N³ × D⁵ ÷ ujazo. N iwe mizunguko kwa sekunde, D iwe mita, ujazo uwe mita za ujazo. Kwa 60 kwa dakika unapata wati 0.0031 kwa kilo. Kisha chukua mnato wa midia ukiwa umegawanywa kwa densiti yake, ambao kwenye nyuzi 37 ni kama 0.00000075 m²/s, uupandishe kipeo cha tatu, ugawe kwa ile nguvu, utafute kipeuo cha pili cha jibu mara mbili mfululizo. Jibu ni mikromita 108.

Kwa chupa yako: 40 inatoa mikromita 146, 60 inatoa 108, 90 inatoa 80. Cytodex 1 ina kipenyo cha kati cha mikromita 190, theluthi mbili yake ni 127. Mpaka wako uko karibu na mizunguko 48. Na huo ni wastani wa chupa nzima, karibu na ncha za pangaboi hali ni kali zaidi. Rudi 45.

Kuhusu zinazoelea zikiwa hai: seli ikitaka kugawanyika hujikunja duara na kushika kwa sehemu ndogo tu. Ndizo zinazong'olewa kwanza. Kwa hiyo idadi inagoma kupanda hata kama vifo ni vichache, na tripani bluu itakudanganya kwamba mambo ni shwari.

Kurundikana usikutibu kwa kasi. Paka kioo silikoni kabla ya kuchemsha kwenye otoklevu ili chembe zisinate, na ushushe pangaboi karibu na sakafu bila kugusa. Umeme ukikatika usiruhusu mota irudi yenyewe kwenye 45. Chembe zikilala saa kadhaa, seli hujenga madaraja kati ya chembe na chembe, na mota ikistuka madaraja yanachanika. Anza 20, ongeza 5 kila dakika kumi.

Msimbati77

Hayo ya Lukuledi ni sahihi kwa chembe. Kwenye lita 2 adui anabadilika: viputo.

Seli inayoelea huru ina mikromita kama 15, kwa hiyo kizingia cha 80 hakiifanyi kitu. Lakini kiputo kikifika juu na kupasuka, utando wake unarudi kwa kasi kubwa sana, na seli zilizonata juu yake zinararuka papo hapo. Viputo vidogo hupasuka kwa ukali zaidi kuliko vikubwa, ingawa ndivyo vinavyoyeyusha oksijeni vizuri. Chembe nazo hupanda na povu na kubaki zimekauka ukutani juu ya midia.

Poloksama 188 (kemikali ya kuongeza kwenye midia), gramu 1 kwa lita, inazuia seli kunata kwenye viputo. Iwekeni baada ya seli kushika, si kabla, maana inapunguza kunata kwa kila kitu, chembe zikiwemo. Bora zaidi, pulizeni hewa ndani ya kizimba cha wavu wenye matundu ya mikromita 60 hadi 75: midia inapita, chembe hazipiti. Au pitisheni oksijeni ndani ya mpira mwembamba wa silikoni uliozungushwa chomboni, pasiwe na kiputo hata kimoja.

Wala msinakili 45 kwenda chombo kikubwa. Nakilini nguvu kwa kilo. Kama pangaboi la huko ni sentimita 8 na la umbo lile lile, ni kama mizunguko 56.

Bi_Mikindani

Ndugu zangu, kabla hamjamaliza: chumba kina nyuzi ngapi saa nane mchana? Inkubeta nyingi hazina cha kupoza, zina cha kupasha tu, na zinahitaji chumba kiwe chini yake kwa nyuzi kama 5. Chumba cha pwani hii kikifika 33, nayo mota ya sumaku inachemka ndani ya kabati, chupa inapita 37 bila kioo cha mbele kuonyesha. Seli iliyopata joto hulegea na kubanduka pia, na utalilaumu pangaboi bure. Jaza chupa ya pili maji mililita 100, ikoroge kwa 90 pale pale, tumbukiza kipimajoto ndani ya maji, si hewani, usome baada ya muda wa saa nne.

Maabara_Shangani (Mtwara)

Shikamoo bibie, na asanteni wote. Nimepima. Kioo kinasema 37.0, maji ya chupa yanasema 38.7. Chumba kilikuwa 32. Sasa nitajuaje kipi kimebandua seli, joto au vizingia?

Bi_Mikindani

Marahaba. Rekebisha joto kwanza: chumba kishuke hadi 25, chupa isikae moja kwa moja juu ya mota, weka vipande vya mpira vya sentimita 1 hewa ipite katikati. Pima tena mpaka maji yasome 37.

Kisha endesha chupa mbili za seli kutoka mpando mmoja, moja 45, nyingine 90. Usihesabu kwa tripani bluu, hesabu viini vya seli. Kila siku chota mililita 1 chupa ikiwa inakorogwa, acha chembe zitue, toa midia ya juu (ihifadhi, hesabu zinazoelea humo), weka mililita 1 ya kristali violeti asilimia 0.1 ndani ya asidi sitriki ya mola 0.1. Saa moja kwenye nyuzi 37, tikisa kwa nguvu, hesabu viini vya zambarau kwenye chemba ya kuhesabia. Chupa ya 90 ikibaki nyuma huku ile ya 45 inapanda, ni vizingia. Zote mbili zikipanda sawa, lilikuwa joto.

Mto_Lukuledi (Lindi)

Naongeza moja. Midia yenye joto la 38.7 ina mnato mdogo kidogo, hivyo vizingia navyo hupungua, ila kwa mikromita mbili tatu tu. Joto na msukosuko vinasukuma upande mmoja, lakini kwenye hesabu yako kasi ndiyo yenye uzito. Na mkiwa mnachota sampuli tumieni pipeti ya mdomo mpana, ya mililita 10, kwa taratibu. Ncha nyembamba inakwangua seli kuliko hilo pangaboi.