MREJESHO: Git ilikuwa inajivuta kwenye kompyuta ya mezani, imepona

Wakuu nimerudi, mi ndo yule niliyelia kwamba git status (amri ya Git, ile programu ya kutunza matoleo ya kodi, inayoonyesha mafaili yaliyobadilika) inachukua karibu sekunde 40 kwenye Windows. Kumbe shida kubwa ilikuwa antivairasi, yaani kila Git ikigusa faili nayo inalikagua, na projekti ina mafaili kama elfu 60 kwenye hard disk ya zamani, hapo lazima ikwame tu. Nimeitoa folda ya projekti kwenye ukaguzi, nikapiga git gc (inasafisha na kubana data za Git), halafu nikawasha core.fsmonitor na core.untrackedCache, mipangilio ya Git inayoipunguzia kukagua mafaili yote upya kila mara (fsmonitor iliyomo ndani ya Git yenyewe inataka Git 2.37 kwenda juu, nikaapdeti kwanza). Sasa hivi haifiki sekunde 2, ukishawasha mashine ile ya kwanza tu ndo inavuta kidogo. Mkuu uliyesema nianze na antivairasi ubarikiwe sana, nilishaanza kutafuta hela ya SSD (diski yenye kasi zaidi).