Uturuki kwa wakala au mkataba wa timu ya vijana hapa hapa? Jibu linatakiwa Ijumaa

Baba_Ilazo
Wakuu habari za jioni. Nina kijana, mtoto wa marehemu dada yangu, nimemlea mwenyewe hapa Ilazo. Mpira anaujua, wanaofuatilia ndondo za Dodoma watakuwa wameshamwona. Sasa zimekuja njia mbili kwa mpigo. Kuna wakala anataka kumpeleka Uturuki kwenye majaribio, anasema timu imeshaona video zake na imempenda. Halafu kuna timu ya Ligi Kuu huku kanda ya kati inataka kumsainisha miaka mitatu, aanzie timu ya vijana. Wote wanataka jibu Ijumaa. Kijana haambiliki, kwake ni Uturuki tu. Mngekuwa ninyi mngechagua ipi?

Kibaigwa_Boy
Nimewahi siti ya mbele.

KochaMchangani
Mkuu umeleta uzi nusu. Ana umri gani? Anacheza namba ngapi? Wakala ana leseni? Nani analipa tiketi? Mkataba wa hapa unasema mshahara au posho? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Mnyama_wa_Makole
Mpeleke Uturuki, unasubiri nini? Samatta kacheza Fenerbahçe, Novatus Miroshi kaenda Göztepe 2024. Waturuki wameshatujua. Hapa atasugua benchi la vijana mpaka ndevu ziote, halafu aje kuuza jezi Sabasaba.

Jangwani_Daima
Mnyama, kama kawaida yako unakimbilia mwisho wa hadithi. Samatta alifika Fenerbahçe 2020 akitokea Aston Villa. Ameshafunga goli Anfield kwa Liverpool akiwa na Genk ya Ubelgiji, ameshafunga fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley dhidi ya Man City. Miroshi naye alitoka Azam akaenda Israel, akaja Ubelgiji Zulte Waregem, akapita Shakhtar ya Ukraine akacheza Ligi ya Mabingwa Ulaya, ndipo Göztepe. Hakuna hapo aliyepanda ndege na begi akaenda kugonga geti kuomba majaribio. Klabu iliwafuata.

Mnyama_wa_Makole
Na Samatta alitokea timu gani kabla ya hapo? Sema tu, usione aibu.

Jangwani_Daima
Mbagala na African Lyon. Kwenu Simba alipita msimu mmoja.

Mnyama_wa_Makole
Huo msimu mmoja ndio uliomtoa. TP Mazembe ya Lubumbashi, Kongo, walimwona tulipokutana nao Ligi ya Mabingwa Afrika 2011. Angekuwa kwenu wangemwona wapi?

MwanaLubumbashi
Hapo mmegusa penyewe. Mimi gari langu linapita Tunduma kwenda Lubumbashi mwaka mzima, mji ule naujua. Samatta kakaa pale kuanzia 2011 mpaka Januari 2016. Miaka karibu mitano! Kachukua Ligi ya Mabingwa Afrika 2015, kawa mfungaji bora wa mashindano, kapewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, ndipo Genk wakaja na fedha. Alikuwa na miaka 23. Vijana wa sasa wakifika 19 hawajaenda Ulaya wanajiona wameshazeeka. Ushauri wangu ni Kongo. Chakula karibu ni kilekile, Kiswahili wanakisikia, na wale jamaa mpira wanalipia.

KochaMchangani
Kongo hajaalikwa, kiongozi. Tubaki kwenye zilizopo. Baba_Ilazo upo?

Baba_Ilazo
Nipo wakuu, nilikuwa kwenye daladala. Ni winga wa kushoto anayetumia mguu wa kulia. Mkataba wa hapa ni posho kwanza, mshahara akipandishwa timu kubwa, na malazi wanatoa. Wakala tumeletewa na mtu anayemfahamu mwalimu wa michezo shuleni, yeye mwenyewe yupo Dar. Gharama ni milioni 8 na nusu, ndani yake tiketi, viza, malazi ya mwezi mmoja na ada ya uwakilishi. Bibi yake ameridhia tuuze kipande cha shamba la zabibu kule Hombolo.

KochaMchangani
Umri, mkuu. Umeruka umri.

Baba_Ilazo
Cheti cha kuzaliwa kinasema atafikisha 18 mwakani mwezi wa nne. Ila kuna leseni ya mashindano ya vijana inayomwonyesha mdogo kwa miaka miwili. Hiyo aliiandika kocha wake wa zamani, sisi hatukuhusika.

Kibaigwa_Boy
Dogo ana laini mbili kama simu ya Kichina 😂

Afisa_Mstaafu
Sasa tunaweza kuzungumza. Kanuni za FIFA za uhamisho, ibara ya 19, zinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine. Vibali vichache vipo: wazazi wawe wamehamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusu mpira, au mchezaji awe ndani ya Umoja wa Ulaya na ana 16 kwenda juu, au anaishi ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani. Dodoma haina mpaka na nchi yoyote, na Uturuki haimo kwenye Umoja wa Ulaya. Kwa hiyo hata hiyo timu ikimpenda kufa, haiwezi kumsajili kabla ya mwezi wa nne mwakani. Mwulize wakala anampeleka sasa hivi akafanye nini.

Pili, mchezaji akihama nchi, TFF, shirikisho letu la mpira, lazima itoe hati ya uhamisho wa kimataifa kupitia mfumo wa FIFA. Hapo tarehe ya kuzaliwa itawekwa mezani. Hizo tarehe mbili zimalizeni sasa, kabla hazijamharibia popote atakapokwenda, hata hiyo timu ya hapo nyumbani.

Tatu, wakala. Tangu 2023 lazima awe na leseni ya FIFA, na inapatikana kwa mtihani. Majina ya wenye leseni yapo wazi kwenye tovuti ya FIFA. Kwa mchezaji mtoto anahitaji pia ridhaa ya maandishi ya mlezi. Wewe umesaini kitu?

Baba_Ilazo
Nilisaini karatasi moja. Alisema ni ya kufuatilia viza.

Afisa_Mstaafu
Isome tena leo usiku.

DadaWaMakole
Samahani kaka, huyu mtoto wa miaka 17 yuko kidato cha ngapi? Mbona hakuna aliyeuliza?

Baba_Ilazo
Kidato cha nne dada. Mtihani Novemba.

DadaWaMakole
Yaani mnampandisha ndege kabla ya mtihani! Kelvin John mnamjua, yule mliyekuwa mnamwita Mbappe. Baada ya mashindano ya Afrika ya vijana chini ya miaka 17, yale yaliyofanyika hapa kwetu 2019, alipelekwa Uingereza kwenye chuo cha Brooke House, akawa anasoma huku anacheza. Genk wakasubiri mpaka Juni 2021 alipotimiza 18 ndipo wakamsaini. Leo yuko Ulaya kwa njia halali. Olunga wa Kenya naye aliingia chuo kusomea uhandisi huku akiifungia Gor Mahia. Haikumzuia kuwa mfungaji bora wa Japani 2020 akiwa na mabao 28.

Na mkitaka mfano wa karibu, waangalieni dada zetu. Aisha Masaka katoka Yanga Princess kwenda Häcken ya Sweden 2022, kisha Brighton. Clara Luvanga kaenda Hispania, baadaye Al Nassr. Hapa hapa Dodoma wasichana wa Fountain Gate walikuwa mabingwa wa Afrika wa shule mwaka 2023, na walikuwa darasani.

Jangwani_Daima
Masaka ametajwa, naona watu wamenyamaza. Yanga Princess hiyo.

Mnyama_wa_Makole
Opa Clement katoka wapi? Simba Queens. Endelea.

Mjukuu_wa_Kongwa
Nilikuwa nasoma kimya, ila hiyo milioni 8 na nusu imenitoa usingizini. Naomba mnivumilie, ni ndefu.

Mtoto wa baba mkubwa alikwenda Istanbul kwa mtindo huohuo. Beki, mrefu, kichwa anapiga. Wakala alikuja nyumbani na suti, akala ugali na mlenda, akamwita baba mkubwa "mzee wangu". Akaonyesha barua ya mwaliko yenye nembo ya klabu. Hakuna aliyejiuliza kwa nini barua ya klabu ina anuani ya Gmail na namba ya WhatsApp. Ng'ombe wakauzwa mnada wa Kibaigwa, shangazi akakopa kwenye kikundi cha akina mama.

Alipofika, alipokelewa na Mwafrika mwingine, siyo na klabu. Akapelekwa kwenye chumba chenye vijana wanane kutoka nchi mbalimbali, wote wana barua za mwaliko. Wa siku nyingi wakamwambia pole. Asubuhi wanapelekwa kwenye uwanja wa nyasi bandia wa kukodi, wanacheza wenyewe kwa wenyewe. Pembeni amesimama mzee mmoja na daftari, wanaambiwa ni skauti. Baada ya mechi unaambiwa umewapendeza, ila klabu inataka vipimo vya afya, tuma dola mia tatu. Ukituma, linakuja lingine. Viza ilikuwa ya utalii. Ilipoisha hakuna klabu, hakuna kibali, na pasipoti ilikuwa mikononi mwa yule mwenyeji "kwa usalama".

Ndugu yangu yule akaishia kwenye karakana ya nguo anapiga pasi suruali, analipwa mkononi na kila akiona polisi anavuka barabara. Nyumbani alikuwa anatutumia picha za uwanjani, eti tusubiri dirisha dogo la usajili. Tulijua ukweli alipougua. Watanzania walioko kule ndio walimchangia karatasi za safari na tiketi. Alirudi Kongwa usiku, mwezi mzima hakutaka kutoka ndani. Sasa hivi ana bodaboda na Jumapili anacheza beki timu ya kijiji, bado anapiga vichwa vizuri. Wakala namba zake hazipatikani. Deni la kikundi shangazi kalimaliza mwaka huu.

Uturuki ina klabu za kweli na Watanzania wamecheza huko, sikatai. Ninachosema, klabu ya kweli ikikutaka haimlipishi bibi wa Hombolo.

KochaMchangani
Hiyo mistari ya mwisho Baba_Ilazo mwonyeshe kijana.

Mnyama_wa_Makole
Pole sana kiongozi. Ila si kila wakala tapeli. Kuna waliotoka kwa majaribio na wakafanikiwa.

Mjukuu_wa_Kongwa
Wapo. Waliolipiwa tiketi na klabu.

Jangwani_Daima
Kuna kitu hamkisemi. Siku hizi kwa nini mtu aende Ulaya ya daraja la tatu? Ligi yetu inalipa. Tazama wageni wanavyokuja: Waburkinabe, Waivory Coast, Wakongo. Aziz Ki alikuja Jangwani kwetu Yanga akakaa misimu mitatu kabla ya kwenda Wydad ya Morocco. Wanayafuata maisha huku, sisi tunawauzia watoto wetu mashamba ili wakaoshe vyombo.

MwanaLubumbashi
Inalipa kwa timu tatu au nne. Nyingine wachezaji wanadai mshahara mpaka msimu unaisha. Msidanganye watu.

Mnyama_wa_Makole
Na nje pia wanadaiana. Msuva, mchezaji wetu wa Taifa Stars, alifika mpaka FIFA kudai stahiki zake.

MwanaLubumbashi
Na FIFA ikamsikiliza kwa sababu alikuwa na mkataba ulioandikwa. Yule wa karakana angemshitaki nani?

Baba_Ilazo
Nimeisoma ile karatasi wakuu. Inasema anamwakilisha kijana kwa miaka mitano na nikivunja narudisha gharama zake zote. Jina lake nimelitafuta FIFA silioni. Nimempigia, anasema leseni ni ya "mshirika wake wa Ulaya". Na anataka nusu ya fedha kesho.

Afisa_Mstaafu
Usitume hata shilingi. Karatasi hiyo mpelekee mwanasheria. Hata huo wa timu ya hapo usiusaini kwa furaha tu. Uliza posho ni kiasi gani kwa maandishi, mtihani wa Novemba atapewa ruhusa, akiumia goti nani anatibu, na klabu ya nje ikija mlango unafunguliwa vipi. Miaka mitatu ni mirefu kwa winga. Na kwa aliye chini ya 18, FIFA hairuhusu mkataba wa zaidi ya miaka mitatu, kwa hiyo wamekupa mpaka ukomo. Omba miwili.

KochaMchangani
Na ujue kuna asilimia 5. Akiuzwa nje kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya ada inagawanywa kwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 mpaka 23. Inaenda kwa klabu, siyo kwa mjomba. Ndiyo maana hao jamaa wanataka saini yake mapema. Timu yetu ya mtaani Ilazo imeshamsajili rasmi au alikuwa anacheza tu?

Baba_Ilazo
Alikuwa anacheza tu.

KochaMchangani
Basi kocha wa mchangani kala hasara tena. Tumezoea.

DadaWaMakole
Na Novemba afanye mtihani, nasema tena kwa ambao hawajanisikia.

Baba_Ilazo
Nawashukuru. Nimemwambia kijana Uturuki tusimame kwanza, amefunga mlango na hali chakula. Kesho nakwenda kuonana na hao wa timu, nitaomba miwili. Tatizo bibi yake hajapokea simu, na nasikia ameshaongea na mtu kuhusu shamba.

Kibaigwa_Boy
Shamba lipo upande gani wa bwawa, na mizabibu ina miaka mingapi? Naulizia kwa rafiki.

DadaWaMakole
Wewe Kibaigwa huna haya.

MwanaLubumbashi
Zabibu za Hombolo zinalipa wakuu, asiuze hata kama dogo anakwenda Real Madrid. Bei ya kilo msimu huu imekaaje, kuna anayejua?